Wiki Ambayo Cherehani Kilikuwa Chetu

Mtoto wa fundi cherehani havai nguo mpya siku ya Krismasi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba watoto wa mtaa wetu walipita mbele ya nyumba wakielekea kanisani, na kila mmoja kavaa kazi ya mikono ya mama yangu. Lile gauni jekundu la marinda, vifungo vyake nilivishona mimi usiku wa manane. Ile kaptula ya yule mvulana mkorofi wa nyumba ya pili, upindo wake niliukunja mimi. Nami nimesimama mlangoni na gauni la mwaka juzi, lililoteremshwa upindo mara mbili hadi alama za mikunjo ya zamani zikawa kama ngazi. Mfinyanzi hulia gaeni, na binti yake hulia mlangoni.

Nguo zetu sisi zilishonwa baada ya sikukuu, katika ile wiki iliyobanwa kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Sasa ni mtu mzima, nina kazi ya ofisini na mgongo unaouma, na bado hakuna wiki ninayoipenda kama hiyo katika mwaka mzima. Bado naitumia kwa jambo lile lile: kushona kitu ambacho hakuna mtu anayekisubiri.

Mama alikuwa na cherehani chake kwenye baraza ya duka moja la vitambaa mjini Moshi. Anayeijua Moshi anazijua baraza hizo. Mwenye duka yuko ndani na majora yake, mafundi wamejipanga nje, mteja ananunua kitambaa mle ndani na kabla hajafika barabarani ameshapimwa kifua na kiuno. Katikati ya Novemba kazi ilianza kupanda. Ikifika Desemba, Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani kama ilivyo desturi yao, na ilikuwa kama kila aliyeshuka kwenye basi ana kitambaa mkononi na watoto wanne nyuma yake. Sare za kwaya. Magauni ya ubatizo. Vitenge vya akina mama wa ukoo mzima, vya mtindo mmoja, kumi na viwili, na hakuna hata mmoja mwenye kiuno kinacholingana na cha mwenzake.

Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika daftari la mama: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na pembeni kipande kidogo cha kitambaa chake kimebanwa kwa pini ili mizigo isichanganyike. Hakukuwa na majina kamili. Kulikuwa na "Mama Mwalimu", "Yule wa Benki", "Shemeji wa Kibosho", na mmoja aliyeandikwa tu "Mgomvi". Nilipokuwa mdogo nilipenda kulipekua daftari hilo kuliko kitabu chochote cha hadithi. Ukilifungua mwanzo mpaka mwisho unaona mwaka mzima wa vitambaa vya mji, mwezi ambao kila mtu alitaka rangi ya zambarau, na mwezi ambao watu hawakuwa na hela wakaleta mashuka yageuzwe mapazia.

Najua mnayosema juu ya mafundi na ile "njoo kesho jioni" yao. Nimekulia upande wa pili wa maneno hayo. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini asiseme ukweli. Akaniambia mteja akisikia nguo yake itakuwa tayari tarehe 29, anachukua kitambaa chake anampelekea fundi mwingine, ambaye naye ataimaliza tarehe 29, ila alikuwa mwepesi wa kudanganya. Simtetei. Yeye mwenyewe hakujitetea, aliendelea kukanyaga cherehani.

Tarehe 24 jioni mwenye duka alifunga mpaka mwaka mpya, na cherehani kikarudi nyumbani juu ya mkokoteni, kimefungwa kamba, mama anatembea pembeni ameshika kichwa chake kama anayemsindikiza mgonjwa. Hapo ndipo usiku mrefu ulipoanza. Mama anashona, dada yangu mkubwa anapiga pasi ya mkaa, mimi nachomoa bandi, ile mishono ya muda ya kushikizia, na kushona vifungo, na wateja wamekaa sebuleni kwetu wamekunja mikono, wengine wamekaribishwa chai, wengine wamekataa kwa hasira. Wa mwisho aliondoka saa nane usiku. Asubuhi kanisani mama alilala tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka, na nadhani mchungaji alishamsamehe, kwa sababu joho lake pia alilishona yeye.

Kisha ikaja tarehe 26. Siku ya mapumziko, maduka yamefungwa, mtaa umetulia, mbuzi ameshaliwa na supu yake imebaki. Desemba mwishoni mlima huwa wazi asubuhi, Kibo iko pale nyeupe kana kwamba ilianikwa usiku. Mama aliamka saa tatu, jambo lililotokea mara moja kwa mwaka. Akanywa chai yake taratibu. Halafu akakisogelea cherehani, na hatukuruhusiwa kumsemesha.

Alikisafisha kwanza. Alifungua kile kibamba cha chuma chini ya sindano, akatoa manyoya ya nyuzi yaliyokuwa yamejikusanya kati ya meno kama pamba ya mto, akitumia mswaki wa zamani. Akatia mafuta katika kila kitundu, tone moja, si mawili. Akautoa uzi wote, akakikanyaga kitupu dakika kadhaa, akisikiliza. Mlio ukiwa mkavu, anaongeza tone. Ukiwa laini, anatikisa kichwa, ananiambia, "Leta kiroba."

Kiroba kilikuwa na vipande vya mwaka mzima. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria juu ya vipande, na naiona bado ni sheria ya haki: kipande kikitosha mfuko wa shati, ni cha mteja, anarudishiwa. Kisipotosha, ni chetu. Kwa hiyo kiroba kilijaa pembetatu, vitepe, mikato ya kwapa na ya shingo, vipande vyenye umbo la mwezi mchanga. Tulivimwaga sakafuni na kuvichambua, na kila kimoja tulikijua kwa jina lake. Hiki ni cha Mama Mwalimu. Hiki ni cha Mgomvi. Hii leisi ni ya bibi harusi wa Septemba.

Gauni langu la mwaka mpya lilitoka humo. Sitasahau lile la mwaka nilioingia darasa la tatu: kifua cha vipande vya njano, mgongo wa buluu, sketi ya mistari iliyounganishwa kwa namna ambayo mistari ilikutana kwenye kila mshono, mifuko miwili ya kitenge chenye ndege. Mama alilifanyia kazi siku mbili nzima. Gauni la mteja alilimaliza kwa saa tatu. Siku ya mwaka mpya nilipoingia kanisani, mama mmoja alinishika begani, akaangalia mfuko wangu, akasema, "Hee, huyu si ndege wangu huyu?" Alikuwa ndege wake kweli, nusu mbawa. Akacheka, nami nikajisikia nimevaa mji wote.

Tarehe 2 Januari yote yalikwisha. Wazazi walianza kuja na vitambaa vya sare za shule, sketi za buluu na mashati meupe kwa dazeni, na cherehani kikapandishwa tena mkokoteni kwenda barazani. Ukihesabu, siku zetu zilikuwa saba tu.

Sasa naishi Dar es Salaam, Tabata, na watu wakiona natoka Moshi wananiuliza kila Desemba, "Hupandi kwenu?" Sipandi. Nauli ya Desemba ni ya wenye nyumba za ghorofa. Mimi huenda Februari, mji umepoa na mama ana muda wa kutosha wa kunisema. Desemba nabaki na Dar iliyoachwa, na naomba waliosafiri wasije wakajua uzuri wake. Daladala ina viti. Kutoka Tabata hadi Kariakoo unaingia bila kugombana na mtu. Mtaa ninaoishi, ambao siku za kawaida una spika tatu zinazoshindana, unasikia kunguru. Jirani yangu wa kushoto ameniachia kuku wake niwalishe, wa kulia ameniachia funguo na mche wa mlimao.

Na cherehani cha mama kiko kwangu. Magoti yake yalipokataa kukanyaga, alinitumia kwa lori la ndizi, kichwa kimefungwa ndani ya blanketi. Ni Singer nyeusi ya miguu, nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono wa kulia unapopita. Alikinunua kwa fundi mzee aliyeacha kazi, akakilipa kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka. Nilikuja kujua baadaye kwamba huko kulipa kidogo kidogo ni mila ya cherehani hiki tangu mwanzo: Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na kufikia 1856 kampuni yake ilikuwa inauza mashine kwa malipo ya awamu, kwa sababu hakukuwa na familia nyingi zenye uwezo wa kutoa fedha zote kwa mkupuo. Namba iliyogongwa kwenye kitako cha changu inaanza na herufi E, na herufi hiyo inakipeleka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo. Stesheni ya treni iliyokuwa ikiwashusha wafanyakazi wake ipo hadi leo, na bado inaitwa Singer. Mimi nikiwa na mafuta mikononi tarehe 26 Desemba huwa naiwaza hiyo stesheni, watu wanashuka, hakuna kiwanda.

Naanza kama alivyoanza yeye. Mswaki, tone moja la mafuta, kukanyaga kitupu. Uzuri mwingine wa cherehani cha miguu kwa Dar ya Desemba ni kwamba umeme ukikatika hakijui. Mimi najua, feni inasimama na jasho linanitiririka mpaka kwenye kitambaa, lakini chenyewe kinaendelea.

Nikiwa mtoto kuna jambo moja lililonitatiza sana: sindano ya mkono ina tundu nyuma, sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Nilidhani waliikosea. Mama alinionyesha siku moja kwa kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono. Sindano inashuka na uzi wake, ikianza kupanda inaacha kitanzi kidogo chini, kile kijembe cha chini kinakinasa kitanzi na kukizungusha kwenye bobini yenye uzi wa chini, na nyuzi mbili zinakumbatiana katikati ya kitambaa. Wa juu haufiki chini, wa chini haufiki juu. Ukiona uzi wa chini umechungulia juu, wa juu umebanwa kupita kiasi au wa chini umelegea. Mpaka leo nikianza mshono nageuza kitambaa nitazame tumbo lake kwanza.

Siku ya kwanza na ya pili huwa za madeni. Zipu ya suruali. Kwapa la blauzi. Mto uliotoboka. Halafu kanga. Krismasi watu huzawadiana kanga, na kanga dukani inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana, bado havijapindwa. Usipoikata katikati na kuipinda, ncha zinaanza kutoa nyuzi na baada ya mafuo manne una kitambaa chenye ndevu. Majirani wamenizoea: kabla hawajasafiri wananiachia doti zao pamoja na funguo na kuku. Napinda kanga sita, saba, mshono mmoja mrefu ulionyooka, na naupenda mshono huo kwa sababu hautaki akili. Unakanyaga tu na kuwaza mambo yako. Kila kanga inanisomea jina lake inapopita chini ya sindano. Hasidi hana sababu. Wema hauozi. Japo sipati tamaa sikati. Ukishona kanga saba mfululizo unajisikia umetoka kwenye kikao cha shangazi zako wote.

Pamoja na cherehani lilikuja sanduku la mama, na ndani yake foronya mbili alizodarizi kabla hajaolewa, kwa nyuzi za rangi na mishono ya msalaba: moja "Lala", nyingine "Salama". Zilitengenezwa zikae pamoja kitandani. Baba alipofariki, mama aliendelea kutumia ile ya "Lala". Ile ya "Salama" alikuwa ameikunja na kuiweka chini kabisa, na haijawahi kufuliwa mara nyingi, maua yake bado yamekolea. Sijaitumia nami. Naitoa kila mwaka, naitazama mishono yake kwa nyuma, ambako hakuna fundo hata moja, naikunja.

Sasa niseme habari ya viraka, maana ndiko wiki yangu ya mwaka huu ilikokwenda.

Nami nina kiroba changu. Mimi si fundi wa watu, lakini nimeshona vya kutosha, na mafundi wawili wa mtaani kwetu wameshajua kwamba nachukua mabaki, hivyo wananiwekea. Miaka yote nilikuwa nasema nitatengeneza shuka la viraka, na kila mwaka nilikwama mahali pamoja: kukata vipande viwe sawa. Nilikuwa nimetazama wanawake wa Marekani kwenye simu, wana rula, wana visu vya duara, vipande vyao vinalingana kama vigae. Vipande vyangu ni vya kwapa na shingo. Ukivikata viwe vya mraba, unabaki na mraba mdogo kama biskuti na takataka mara mbili yake.

Halafu mwezi Oktoba nikakutana na Wasidi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, wahenga wao walifikishwa kule kwa karne nyingi kama watumwa, askari na mabaharia, wengine wakitokea pwani hii ya kwetu. Wale wa Gujarat wana ngoma wanayoiita goma, na sisi hatuhitaji kuambiwa neno hilo limetoka wapi. Wale wa Karnataka, kusini zaidi, ambako wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo, wanawake wao hushona mashuka ya viraka yanayoitwa kawandi. Nilipoona jinsi wanavyofanya, nilikaa kitako. Hawakati kitu kiwe sawa na kingine.

Wanatandika kitambaa cha chini, aghalabu sari kuukuu. Wanaanzia konani. Wanakunja ukingo, wanaweka kiraka kama kilivyo, wanakunja ncha yake ndani, wanashona kwa mkono mishono midogo inayopenya tabaka zote. Kiraka kinachofuata kinafunika ncha mbichi ya kilichotangulia. Wanafuata ukingo mpaka kona ya pili, ya tatu, ya nne, kisha wanaingia ndani mzunguko mwingine, na mwingine, hadi wanafika katikati palipobaki tundu, nalo wanaliziba. Kushona viraka, kuunganisha na chini, na kupiga ile mistari inayolifanya shuka liwe imara, yote ni kazi moja, inakwenda pamoja. Na kwenye kila kona wanaweka vipembetatu vidogo vilivyokunjwa mara kadhaa, vinaitwa phula, yaani maua. Shuka lisilo na maua ya konani, kwao ni kama liko uchi.

Tarehe 27 jioni nilitandika shuka kuukuu langu sebuleni, nikasukuma makochi ukutani, nikaanza. Kosa langu la kwanza lilikuwa la uvivu: nilitaka kukifanyia kazi hiyo cherehani. Nilishona ukingo mmoja wote, nikaunyanyua, ukawa umejikunyata kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Nilipaswa kujua. Meno ya chini yanakivuta kitambaa cha chini mbele, mguu unaobana kwa juu unakirudisha cha juu nyuma, na ukiwa na tabaka mbili au tatu zisizoshikizwa, zinapishana kidogo kwa kila mshono. Kidogo mara elfu moja ni sentimita tatu. Kwa gauni unapiga bandi kwanza. Kwa shuka zima la vipande vya kwapa, utapiga bandi mpaka Pasaka. Nikafumua ukingo wote, nikakifunika cherehani, nikatafuta sindano ya mkono na subana.

Na sakafuni ndipo wiki iliponinogea. Unakaa chini, miguu umenyoosha, shuka limekufunika magoti katika joto la Desemba, jambo la kijinga kabisa. Unachagua kiraka si kwa kupima, kwa kukijaribu: hiki hapana, hiki hapana, hiki. Kitenge cha maua karibu na shati la ofisi la mistari. Kipande cha sare ya kwaya. Kipande cha suruali ya marehemu baba mkubwa, nguo ngumu, sindano inalalamika. Vitenge vyepesi vya bei ya chini vilijionyesha haraka, ukikunja ncha unaona upande wa ndani ni mweupe, rangi imepakwa juu tu. Vile vya wax vyenyewe havina ndani wala nje. Nilivifua vyote kabla, kwa maji ya moto, ili ule wanga wa dukani utoke na kinachotaka kunywea kinywee sasa, kisije kikanywea ndani ya shuka na kuvuta jirani zake.

Kisha yakatokea maneno. Kiroba changu kilikuwa na vipande vingi vya kanga zilizochakaa, na katika kuvipachika, majina yake yakakatika. Konani kuna "hauozi", haijulikani nini hakiozi. Mbele kidogo "sipati". Halafu "hana sab", kisha kitenge cha samaki, kisha "mwenyeji apo", pamebaki "ne" iliyomezwa na upindo. Sikuyapanga. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja, aliyeletwa kwangu tarehe 29 ili wazazi wake wapumue, alilala kifudifudi juu ya shuka na kulisoma lote kwa sauti kama tangazo la redio: "Hauozi sipati hana sab mwenyeji apo!" Tukacheka mpaka kuku wa jirani wakashtuka. Tangu hapo yeye ndiye aliyechagua viraka, na alikuwa mkali. Nilimfundisha mshono wa kupenya; alishona robo saa, akajichoma, akasema mshono wake uachwe ulivyo kwa sababu unafanana na mlima. Upo. Unafanana na mlima.

Maua ya konani yalinipa shida kuliko vyote. Kipande cha mraba unakikunja pembe kwa pembe, tena mara nyingine, unapata kipembetatu kinene, unakibana ukingoni, cha pili kinaingia chini ya cha kwanza. Kona ya kwanza nilitumia saa mbili. Ya pili saa moja. Ya tatu ilitoka vizuri mno hadi nikaipiga picha. Ya nne niliishona tarehe 30 saa sita usiku, macho yananiwasha, nikasema inatosha.

Tarehe 31 alasiri tulikuwa tumezunguka mpaka katikati na kubaki tundu la ukubwa wa kiganja. Mtaani watu walianza kurudi, nikasikia mabegi yanaburutwa, spika ya kwanza ikawashwa. Nikamtumia mama picha. Mama hana mazoea na simu kubwa, hivyo dada alimshikia, nikasikia kwenye laini anavyosema sogeza, sogeza, rudisha.

Alinyamaza muda mrefu. Nikajua amefurahi, kwa sababu akiwa hajafurahi huwa hakawii.

"Hiki cha njano umekitoa wapi?" aliuliza.

"Kwa fundi wa hapa mtaani, mama."

"Kinafanana na kile chako cha darasa la tatu."

"Ndiyo maana nimekiweka."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Kona ya chini, kushoto. Hiyo umeshona umechoka."

"Mama, si ya mteja hii. Ni ya kwangu mwenyewe, nitaiweka kochini."

"Ingekuwa ya mteja, tarehe 24 usiku, ningekuambia piga pasi mpe aende," alisema. "Fumua."

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwaka umebakiza saa saba. Mpwa wangu alikuwa ameshaleta wembe.